Kufunga milango ya nyuma ya AS/400: mwongozo kamili wa kudhibiti data inayochukuliwa kwa mbali kwenye IBM i

Mama mmoja wa idara ya uhasibu aliniita mezani kwake. Alitaka ripoti ndogo ya madeni, akafungua Excel, akachagua muunganisho wa ODBC (njia ya programu kama Excel kusoma hifadhidata ya seva) ambao fundi fulani aliuweka kwenye kompyuta yake miaka mingi nyuma, akaingia kwa jina na nenosiri lake la kila siku. Ikafunguka orodha ndefu ya maktaba za seva, yaani mikusanyo yake ya mafaili. "Kijana wangu, hebu njoo uone," akasema, mshale ukiwa juu ya faili la mishahara. "Hii mbona inanionyesha mpaka ya mkurugenzi?"

Kwenye skrini ya kijani, yaani terminali ya maandishi ya seva hiyo, mama huyu alikuwa na menyu ya vitu saba, na hakuna hata kimoja kinachogusa mishahara. Alikuwa amezuiwa kuandika amri. Kwa macho ya mkaguzi alikuwa mtumiaji aliyefungwa vizuri kabisa, ila kufuli lilikuwa kwenye menyu, nayo data ilikaa wazi nyuma yake.

Ndiyo hali ya seva nyingi za aina hii. IBM ilizindua AS/400, seva yake ya biashara, tarehe 21 Juni 1988, wakati watu wengi waliifikia kwa terminali, waya kwa waya. Menyu ilitosha. Baadaye zikaja FTP (ya kuhamisha mafaili), ODBC na JDBC (za kusoma hifadhidata kutoka programu nyingine) na folda za kushirikiana, mashine ikabadilishwa jina mara kadhaa hadi kuwa IBM i juu ya seva za Power, lakini ruhusa za mafaili mengi zikabaki zilivyoandikwa enzi za terminali. Mwongozo huu ni wa anayesimamia mashine hiyo leo na hataki kusubiri mama mwingine amwite mezani. Unahitaji profaili (akaunti ya kuingia) yenye mamlaka maalumu ya *SECADM (kusimamia watumiaji), *ALLOBJ (kufikia kila kitu), *AUDIT (ukaguzi) na *IOSYSCFG (mipangilio ya mtandao), programu ya ACS (IBM i Access Client Solutions) kwa ajili ya Run SQL Scripts, na subira. Usifanye yote wikiendi moja.

Hatua ya 1: Jua ni nani anaingia, na kwa mlango upi

Kabla ya kufunga chochote, tazama. Huduma za mbali husikiliza kwenye poti zinazojulikana: 21 ni FTP, 446 na 447 ni DRDA na DDM (za kufikia hifadhidata na mafaili kutoka mfumo mwingine), 449 ni ya kuelekeza wateja kwenye poti sahihi, 8471 ni hifadhidata (ODBC na JDBC hupita hapa), 8473 ni mafaili, 8475 ni amri za mbali, 8476 ni kuingia. Zilizosimbwa kwa TLS, yaani data ikisafiri imefichwa, zina pacha wake kwenye mfululizo wa 9470, kwa hiyo hifadhidata ni 9471. Andika hivi:

SELECT LOCAL_PORT, REMOTE_ADDRESS, COUNT(*)
FROM QSYS2.NETSTAT_INFO
WHERE LOCAL_PORT IN (21, 446, 447, 8471, 8473, 8475, 9471, 9473, 9475)
GROUP BY LOCAL_PORT, REMOTE_ADDRESS
ORDER BY LOCAL_PORT

Hiyo ni picha ya dakika hiyo tu. Iendeshe asubuhi, mchana, usiku wa kufunga siku, na mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi ndipo hujitokeza kompyuta usiyoijua inayovuta faili zima la wateja, na ukiuliza unaambiwa "ah, hiyo ni ya ripoti ya bodi".

Washa pia daftari la ukaguzi, QAUDJRN, kama halijawashwa:

CHGSECAUD QAUDCTL(*AUDLVL *OBJAUD *NOQTEMP) QAUDLVL(*AUTFAIL *SECURITY *CREATE *DELETE)

Kisha kwa mafaili matano au sita nyeti, si yote, ongeza CHGOBJAUD na OBJAUD(*ALL). Maingizo ya ZR yatakuonyesha nani kasoma, ya ZC nani kabadilisha, na ya AF nani kakataliwa. Kila ingizo lina jina la kazi. Ukiona QZDASOINIT ujue ni ODBC au JDBC. Ukiona QTFTP mwanzoni mwa jina ujue ni FTP. Acha mwezi mzima upite, huku ukiangalia nafasi ya diski, maana wapokeaji wa daftari hilo (vitu vinavyohifadhi maingizo yake) hujaa haraka.

Hatua ya 2: Zima usichotumia

Hii haihitaji maneno mengi. Kama hakuna anayetumia REXEC (ya kuendesha amri kwa mbali) na TFTP (ya kuhamisha mafaili kwa njia rahisi), zisiwake mashine inapowashwa: CHGRXCA AUTOSTART(*NO), CHGTFTPA AUTOSTART(*NO), kisha ENDTCPSVR kwa kila moja. FTP nayo ukiweza iondoe, uhamie SFTP, ambayo imesimbwa. DDM ukiona haitumiki, CHGNETA DDMACC(*REJECT) inaikata. Usiache *OBJAUT kwa mazoea tu, kwa sababu kupitia DDM mtu anaweza pia kutuma amri kwa SBMRMTCMD. Ikiwa inatumika, fungua CHGDDMTCPA, bonyeza F4, na uhakikishe haikubali jina la mtumiaji bila nenosiri. Nimekuta mashine za uzalishaji zenye mpangilio huo, na kila mtu anaapa kwamba hakuugusa yeye.

Hatua ya 3: Punguza wenye funguo zote

SELECT AUTHORIZATION_NAME, GROUP_PROFILE_NAME, STATUS, PREVIOUS_SIGNON
FROM QSYS2.USER_INFO
WHERE SPECIAL_AUTHORITIES LIKE '%*ALLOBJ%'
OR USER_DEFAULT_PASSWORD = 'YES'

Mwenye *ALLOBJ hapimwi na ruhusa za faili, anapita tu. Kwa hiyo kazi yote ya hatua zinazofuata ni bure kwake. Angalia pia profaili za vikundi, maana mtumiaji asiye na *ALLOBJ huipata kwa kuwa ndani ya kikundi chenye nayo, na swali hilo juu litamruka. Profaili ambazo nenosiri lake ni sawa na jina lake, zima leo leo; ANZDFTPWD ipo kwa kazi hiyo hiyo.

Profaili za mifumo mingine, kama ile ya seva ya benki mtandaoni, ni ugomvi wa peke yake. Muuzaji wa programu atakuambia lazima iwe na *ALLOBJ. Mara nyingi si kweli, ni uvivu wa kutafuta inachohitaji. Tangu toleo la 7.3 kuna dawa ya mabishano hayo: anzisha STRAUTCOL kwa profaili hiyo, ukitaja maktaba za kufuatiliwa, acha ifanye kazi wiki mbili, kisha soma QSYS2.AUTHORITY_COLLECTION. Itakuonyesha kila kitu ilichokigusa, ruhusa iliyotakiwa na iliyotumika. Mpelekee muuzaji jedwali hilo, mkae mezani.

Hatua ya 4: Linda faili lenyewe

Hapa ndipo kazi ilipo. Kampuni nyingi huruka hatua hii na kwenda kununua programu za kulinda milango, kwa sababu ruhusa za mafaili zinatisha. Mimi naona ni kuweka mlinzi nje huku nyumba haina mlango.

Anza kwa kuangalia faili moja: DSPOBJAUT OBJ(MAKTABA/WATEJA) OBJTYPE(*FILE). Tazama vitu viwili. Cha kwanza ni *PUBLIC (kila asiyetajwa kwa jina), na mara nyingi utakuta *CHANGE, yaani kila mwenye akaunti anaweza kusoma, kuongeza na kufuta rekodi. Sababu yake ni QCRTAUT, thamani ya mfumo inayopanga ruhusa ya vitu vipya, ambayo huja na *CHANGE kutoka kiwandani, na maktaba nyingi huifuata. Usiibadilishe QCRTAUT yenyewe kwa haraka, utavunja vitu usivyovijua. Badilisha maktaba ya data kwa CHGLIB LIB(MAKTABA) CRTAUT(*EXCLUDE), ili mafaili mapya yazaliwe yamefungwa.

Cha pili ni mwenye faili, na hapa wengi huteleza. Programu za zamani zilijengwa hivi: kuna profaili ya kikundi, tuseme PROGGRP, ndiyo inamiliki mafaili yote, na kila mtumiaji wa programu ni mwanakikundi. Mwenye mali ana *ALL, na mwanakikundi hurithi. Utaweka *PUBLIC kuwa *EXCLUDE, utafurahi, na mama wa uhasibu ataendelea kuiona mishahara, kwa kuwa yeye si *PUBLIC tena. Yeye ni mwenye mali.

Njia ya kutoka ni kukopa ruhusa. Unatengeneza profaili ya mmiliki isiyoingika, yenye PASSWORD(*NONE), isiyo kikundi cha mtu yeyote. Unaipa mafaili kwa CHGOBJOWN, na CUROWNAUT(*REVOKE) ili mmiliki wa zamani asibaki na chake. Programu inayofunguliwa na menyu nayo unaipa mmiliki huyo, kisha CHGPGM PGM(MAKTABA/MENYU) USRPRF(*OWNER). Sasa mtu akiingia kwa menyu, programu inamkopesha haki ya mmiliki muda wote iko juu ya rundo la miito (orodha ya programu zilizoitana). Akija kwa ODBC hakuna programu iliyomkopesha kitu, anabaki na haki zake mwenyewe, ambazo ni sifuri. Menyu inafanya kazi kama jana, Excel inagonga ukuta.

Kuna mitego mitatu. Programu inayokopesha isimpe mtumiaji mstari wa amri, kwa F9 au kwa njia nyingine yoyote, kwani mstari huo nao utakuwa na haki za mmiliki. Programu zenye SQL inayotungwa papo hapo hazikopi mpaka zijengwe upya kwa DYNUSRPRF(*OWNER). Na kazi za usiku zinazotumwa kwa SBMJOB hazibebi mkopo. Zinaanza rundo jipya, kwa hiyo lazima programu ya kwanza ya kazi hiyo nayo iwe ya mmiliki.

Badala ya kupanga faili moja moja, tumia orodha ya idhini:

CRTAUTL AUTL(DATANYETI) AUT(*EXCLUDE)
GRTOBJAUT OBJ(MAKTABA/WATEJA) OBJTYPE(*FILE) AUTL(DATANYETI)
GRTOBJAUT OBJ(MAKTABA/WATEJA) OBJTYPE(*FILE) USER(*PUBLIC) AUT(*AUTL)

Faida yake utaiona siku ya matatizo: orodha unaweza kuibadilisha hata mafaili yakiwa wazi, wakati faili linalotumika mara nyingi hukataa kuguswa. Kitu kikivunjika saa 4 asubuhi foleni ikiwa ndefu, EDTAUTL moja inarudisha hali.

Na LMTCPB(*YES)? Iache, lakini usiitegemee. Inazuia amri zinazoandikwa kwenye mstari wa amri. Mtu aliyeingia kwa SQL akiita QSYS2.QCMDEXC, amri inaendeshwa na programu, na kizuizi hicho hakimhusu.

Hatua ya 5: Kufuli la bei nafuu

Kuna kitu wasimamizi wengi hawakijui, na hakihitaji kuandika programu. Mfumo una orodha ya kazi zinazoweza kuruhusiwa au kukataliwa kwa mtu, unaiona kwa WRKFCNUSG. QIBM_DB_ZDA inashika ODBC, JDBC ya Toolbox na uhamishaji data wa ACS. QIBM_DB_DDMDRDA inashika DDM na DRDA.

CHGFCNUSG FCNID(QIBM_DB_ZDA) USER(RIPOTIGRP) USAGE(*ALLOWED)
CHGFCNUSG FCNID(QIBM_DB_ZDA) DEFAULT(*DENIED)

Fuata mpangilio huo: ruhusu wanaostahili kwanza (hapa ni kikundi RIPOTIGRP), ndipo ukatae wengine. Nimewahi kuugeuza, na seva ya mtandao ya ofisi ikakatika kabla sijamaliza kuandika mstari wa pili. Unaweza hata kuwafungia wenye *ALLOBJ kwa ALLOBJAUT(*NOTUSED), mradi profaili yako mwenyewe umeiruhusu.

Hatua ya 6: Geti na mlinzi wake

Tuseme kuna mahitaji ambayo ruhusa za faili haziwezi kuyaeleza: profaili ya benki ivute faili kwa FTP lakini isipakie, au fulani aingie kwa ODBC kutoka anwani moja tu. IBM imeweka mageti kwenye huduma nyingi; kabla ombi halijapita, mfumo unaita programu yako na kuuliza, nimpitishe? Orodha yake iko kwenye WRKREGINF. Ya kuanzia ni QIBM_QTMF_SERVER_REQ kwa maombi ya FTP, QIBM_QZDA_INIT kwa mwanzo wa muunganisho wa hifadhidata, QIBM_QZDA_SQL2 kwa kila tamko la SQL, QIBM_QZRC_RMT kwa amri za mbali, na QIBM_QPWFS_FILE_SERV kwa mafaili.

Mlinzi wa FTP anaweza kuwa mfupi hivi:

PGM PARM(&APP &OPER &MTU &IP &IPLEN &INFO &INFLEN &RUHUSA)
DCL &APP *INT
DCL &OPER *INT
DCL &MTU *CHAR 10
DCL &IP *CHAR 45
DCL &IPLEN *INT
DCL &INFO *CHAR 500
DCL &INFLEN *INT
DCL &RUHUSA *INT
CHGVAR &RUHUSA 0
IF (&OPER *EQ 0) THEN(CHGVAR &RUHUSA 1)
IF ((&MTU *EQ 'BENKIFTP') *AND ((&OPER *EQ 3) *OR (&OPER *EQ 6))) THEN(CHGVAR &RUHUSA 1)
ENDPGM

Namba za &OPER ndizo roho ya jambo. 0 ni mwanzo wa kikao, 3 ni kuhama maktaba, 4 kuorodhesha, 5 kufuta, 6 seva kutuma faili kwa mteja, 7 seva kupokea, 9 kuendesha amri. Jibu la 0 linakataa, 1 linaruhusu. Kuna -1 na 2 zenye maana ya "kataa daima" na "ruhusu daima" kwa muda wote wa kikao, usizitumie mpaka uzoee. Kumbuka &IP na &INFO zina urefu unaobadilika, soma herufi nyingi tu kadiri urefu wake unavyosema, la sivyo unasoma takataka za kumbukumbu.

Unamweka getini hivi:

ADDEXITPGM EXITPNT(QIBM_QTMF_SERVER_REQ) FORMAT(VLRQ0100) PGMNBR(1) PGM(ULINZI/MLINZIFTP)

Kisha zima na uwashe FTP. Kwa hifadhidata, kazi za QZDASOINIT zilizokwisha kuanza haziwezi kumjua mlinzi mpya; zimalize na uzianzishe upya nje ya saa za kazi. Maktaba ya ULINZI iwe na *PUBLIC *USE (kutumia bila kubadilisha), kwa maana mlinzi huendeshwa kwa jina la mgeni, na asipoweza kuiona programu, ombi linakataliwa. Lakini asiwepo wa kuibadilisha.

Wiki za kwanza mlinzi aruhusu kila kitu na kuandika tu. Aandike faili lenye mtu, anwani, operesheni na saa. Ndipo utakapogundua kuna kazi ya kila tarehe 28 ambayo hakuna aliyeikumbuka.

Kuhusu QIBM_QZDA_SQL2: usijaribu kuchambua matamko ya SQL ili kutafuta jina la faili. Mtu atatumia view (dirisha linaloonyesha sehemu ya faili), au alias (jina la badala), au ataandika jina kwa namna usiyoitarajia, nawe utaongeza mistari mpaka mlinzi apunguze kasi ya seva nzima. Muulize mlinzi maswali mepesi: ni nani, anatoka wapi, ni saa ngapi. Ruhusa ya faili gani iache kwenye hatua ya 4.

Na weka njia ya kujiokoa. Kama mlinzi ameharibika na kila mtu yuko nje, unaingia kwa konsoli ya 5250 (skrini ya kijani), unaandika RMVEXITPGM, unawasha huduma upya. Hiyo konsoli usiifungie kwa geti la Telnet (huduma ya skrini ya kijani kupitia mtandao).

Hatua ya 7: Folda za kushirikiana

Ukishiriki mzizi wa mfumo, yaani /, umeshiriki pia QSYS.LIB, na humo maktaba zote zinaonekana kama folda. Mzizi huo huja na ruhusa pana kwa *PUBLIC. Kompyuta ya Windows yenye kirusi cha kudai fidia ikiwa na diski hiyo, itaandika juu ya kila kitu ambacho mwenye kompyuta anaruhusiwa kukiandika. Ondoa ushirika wa mzizi. Shiriki folda ndogo, kusoma tu pale inapowezekana. Kisha orodha ya idhini iitwayo QPWFSERVER, ambayo huja na *USE kwa *PUBLIC, iweke *EXCLUDE: wasio na *ALLOBJ hawataweza kuingia QSYS.LIB kwa diski ya mtandao.

Hatua ya 8: Usimbaji

Data inayosafiri wazi, pamoja na majina ya FTP na nenosiri lake, inasomeka na yeyote aliye kwenye njia. Tengeneza vyeti kwenye Digital Certificate Manager, uvigawe kwa huduma za mwenyeji (hifadhidata, mafaili, amri) na Telnet, hamisha wateja kwenye poti 992 ya Telnet na mfululizo wa 9470, ndipo ufunge poti za wazi. Waliofika 7.6, iliyotoka 2025, wana uthibitisho wa pili wa kuingia ndani ya mfumo wenyewe; kwa profaili za wasimamizi uwashe siku hiyo hiyo.

Hatua ya 9: Jaribu ukiwa kwenye kiti cha mtumiaji

Usijaribu kwa profaili yako, itapita kila mahali. Nenda kwenye kiti cha mtu halisi, kwa ridhaa yake, na umwombe arudie alichokuwa anafanya.

Mimi nilirudi kwa yule mama. Akafungua Excel ile ile, akabofya faili la mishahara, ikatoka SQL0551: hana idhini. "Sasa na ripoti yangu ya madeni?" akauliza, na alikuwa na haki ya kuuliza, maana kazi ni kazi. Nilikwisha mtengenezea view kwenye maktaba ya RIPOTI, yenye safu nne tu za wadaiwa. Kwenye view alipewa *USE. Kwenye faili lililo chini yake alipewa *READ peke yake, bila *OBJOPR: kwa haki hiyo data inasomeka kupitia view, lakini faili lenyewe halifunguki moja kwa moja. Profaili yake ikaingizwa RIPOTIGRP ili QIBM_DB_ZDA impitishe. Akaivuta, akahesabu safu kwa kidole, akanitazama juu ya miwani.

"Hizi zinanitosha," akasema, akaendelea na kazi.